Siku ya Kumi na Nne

Mkuu wa idara ya lugha aliponiomba niwaachie walimu vijana maandishi machache kabla sijakabidhi ufunguo wa kabati, nadhani alitaka nieleze namna ya kutunga maswali ya fasihi. Hayo yamo kwenye faili ya kijani, rafu ya pili. Hapa nitaandika lile ambalo sikuweza kuliweka kwenye faili. Nimefundisha Kiswahili katika shule nne za Kakamega, na katika hizo nne ni moja tu ambayo bado naifikiria karibu kila wiki.

Nilizaliwa Likuyani, kwenye mahindi. Barua ya kazi iliponipeleka upande wa Mumias, nilidhani najua shamba ni nini. Sikujua. Miaka ile sukari ilikuwa imeshika kila mtu. Watu waling'oa wimbi, wakang'oa migomba, wakapanda miwa hadi kwenye mlango wa choo. Matrekta yenye matela yalipita nyuma ya madarasa tangu asubuhi, na mwalimu alijifunza kunyamaza katikati ya sentensi, kungoja, kisha kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku niliyoripoti walikuwa wakichoma shamba moja kabla ya kukata, na masizi marefu meusi yalinitua kwenye blauzi nyeupe niliyoshonewa na mama kwa ajili ya siku hiyo. Mpishi wa shule alinitazama akaniambia kwa upole kwamba hapo nguo nyeupe huvaliwanga Jumapili peke yake, tena asubuhi.

Nilipewa kidato cha tatu, wanafunzi arobaini na mmoja, na nakala kumi na mbili za kitabu cha hadithi fupi. Nakala saba hazikuwa na kurasa za mwisho. Basi niliketi na taipureta ya ofisi nikapiga stensili za kurasa zilizokosekana, nikazirudufisha kwenye ile mashine ya mkono iliyotapika wino kwenye viganja. Nyinyi mnaobonyeza kitufe na karatasi kutoka safi, hamjui raha ya karatasi thelathini zinazosomeka. Wala hamjui kazi ya kutembea na viganja vyeusi juma zima huku wazazi wakikuuliza kama una ugonjwa wa ngozi.

Aliyenifundisha kufundisha alikuwa Mwalimu Athumani, mzee mwembamba wa Mumias, Mwislamu, aliyemsalimu kila mtu kwa Salaam aleikum, akiwemo mchungaji aliyekuja Ijumaa kwa kipindi cha dini. Juma langu la pili aliketi nyuma ya darasa langu. Mimi nilikuwa nimechora jedwali ubaoni: msalaba ni mateso, maji ni utakaso, mwanga ni wokovu, mkate ni mwili wa Kristo. Nilijiona hodari sana. Baada ya kipindi alinipeleka chini ya ukingo wa paa la stoo, akaniambia kwamba nimewapa watoto kamusi, sikuwapa hadithi.

"Mkate ukiingia kwenye hadithi, mwanangu, kwanza uache uwe mkate," alisema. "Nani ameuoka, na nani ana njaa. Ukishajua hayo, ndipo uulize kama ni mwili wa mtu."

Nilifuta lile jedwali na sikulichora tena kwa miaka yote iliyobaki. Nilimwuliza pia kama haimsumbui yeye kufundisha hadithi zilizojaa mapadre na misalaba. Alijibu kwamba hadithi nyingi za zamani zilizo nzuri hazimwambii mtu aamini nini. Humwekea mtu kitu cha ibada mkononi siku mbaya kuliko zote maishani mwake, kisha hututaka tumtazame anakifanyia nini. Mwalimu mwoga hugeuza hapo pawe mahubiri, na mwalimu anayejipenda hugeuza pawe dhihaka. Wote wawili wanamruka mtu aliyekishika kitu chenyewe. Niliandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu la maandalizi. Nilikuwa mzuri wa kuandika maneno ya watu.

Hadithi iliyowashika sana wanafunzi wangu ilikuwa ya mpiga kengele wa kanisa moja la kijijini. Watoto wake watatu wanaugua, anaomba, na mmoja baada ya mwingine wanakufa. Asubuhi baada ya kumzika wa mwisho, watu wanasikia kengele kama kawaida. Wanakwenda kumwuliza amewezaje. Anawaambia hajui kama yuko anayesikia huko juu, ila anajua kwamba huku chini kuna watu ambao hawaamki bila kengele. Hadithi inaishia hapo, kamba ikiwa bado mkononi mwake. Nusu ya darasa ilisema ameshapoteza imani. Nusu nyingine ikasema hiyo ndiyo imani yenyewe. Walibishana mpaka trekta likapita na hakuna aliyelisikia. Niliwapa insha: "Je, mpiga kengele bado anaamini? Jibu kwa kutumia hadithi na mambo unayoyajua."

Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyeitwa Rispa Nafula. Alikuwa mrefu, mkimya, aliyeketi dirishani na kuandika kwa herufi ndogo ili daftari lisiishe haraka. Baba yake, Mzee Yohana Makokha, alikuwa mkulima wa miwa na mzee wa kanisa moja dogo lililokuwa ng'ambo ya mto. Eneo lote lilimjua kwa ushuhuda wake. Mkewe Truphena aliugua sana, hospitali ikamrudisha nyumbani, na kanisa likafunga na kuomba. Siku ya tatu Truphena aliamka, akaomba obusuma, yaani ugali, akala, akatembea kwa miguu yake hadi kanisani. Mzee Makokha aliusimulia ushuhuda huo kwenye harambee, kwenye mikutano ya injili, hata kwenye mikutano ya wakulima wakati watu wanasubiri afisa wa kiwanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusikia mara mbili. Nilidhani mkewe yu hai.

Insha ya Rispa ilikuwa kurasa mbili na nusu. Ukurasa wa kwanza alimchambua mpiga kengele vizuri kuliko nilivyomchambua mimi. Kisha akaandika kwamba anamjua mpiga kengele mwingine. Aliandika kwamba mama yake aliamka siku ya tatu, kweli, na alikufa kwa ugonjwa ule ule siku ya kumi na nne, akiwa na Rispa peke yake chumbani, kwa sababu baba alikuwa ameitwa mahali kutoa ushuhuda wa kupona kwake. Waliomzika waliambiwa ni ugonjwa mwingine, na tangu hapo baba husimulia hadi siku ya tatu, halafu watu huimba. Yeye huketi kwenye benchi akisubiri baba aendelee, na baba haendelei. Insha ilimalizika hivi, na maneno haya sijayasahau: "Siku ya tatu ni ishara. Siku ya kumi na nne si ishara ya kitu chochote. Ni siku ambayo mama alikufa. Mimi sijui kama baba anaamini. Najua anaogopa kunyamaza."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini, ambazo sikuwahi kumpa mtu. Kisha nikafanya jambo ambalo nawasihi msilifanye kamwe. Niliibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya darasa, kama mfano wa insha bora, bila kumwuliza mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka shule nzima ione ninafundisha nini.

Rispa alipoiona hakuja kuniuliza. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, akaingia darasani, akaketi dirishani. Nilidhani ameona haya ya kusifiwa.

Ilibaki pale siku mbili. Shule yetu ilikuwa na watoto wa kanisa lile lile, na watoto wana wazazi. Siku ya tatu asubuhi Mzee Makokha alifika na wazee wenzake wawili, amevaa koti la Jumapili, baiskeli yake ameiegemeza kwenye mlingoti wa bendera. Mwalimu mkuu aliniita chumba cha walimu, na Rispa naye akaitwa. Mwalimu Athumani alikuwa kwenye meza yake akisahihisha madaftari. Hakuna aliyemwomba atoke.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye hasira, lakini Mzee Makokha hakuwa na hasira. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, na mikono yake ilikuwa na mikato ya majani ya miwa.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana," alisema. "Nisaidie. Haya mtoto wangu aliandika ni ya kweli, ama ni ya masomo tu?"

Nimewahi kuulizwa maswali mengi na wakaguzi, na hakuna lililokuwa gumu kama hilo. Mwalimu mkuu alikuwa ameshanieleza mlangoni kwamba kanisa lile ndilo lililotoa ardhi ya shule, na kwamba mimi bado nilikuwa katika muda wa majaribio kazini. Nilimtazama mzee, sikumtazama Rispa. Nilisema ni ya masomo tu. Nilisema katika fasihi mwanafunzi hufundishwa kubuni, na Rispa amebuni vizuri, ndiyo maana nikambandikia. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mwalimu.

Mzee Makokha alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akamgeukia bintiye, akamwuliza kama ndivyo. Hapo ndipo nilimtazama. Rispa alikuwa ananitazama mimi, si baba yake, na sasa najua alikuwa ananingoja. Kisha akasema, "Ndivyo, baba. Ni ya kubuni."

Wale wazee wawili hawakutosheka. Walisema maneno yamesomwa hadharani, basi na yafutwe hadharani. Jumapili iliyofuata Rispa alisimama mbele ya kanisa akasema kwamba alidanganya juu ya kifo cha mama yake. Mimi sikuwapo, nilikuwa katika kanisa langu, upande wa mto ulio na shule, nikiimba. Mpishi wetu aliyekuwapo aliniambia kwamba msichana alisema bila kulia, na kwamba baada yake baba yake alitoa ushuhuda wake kama kawaida, hadi siku ya tatu.

Wageni walipokwisha kuondoka siku ile ya chumba cha walimu, Mwalimu Athumani alifunika kalamu yake nyekundu.

"Ile insha uliipa ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia kumi na nane.

"Kwa ya kubuni?"

Hakulirudia jambo hilo hadi alipostaafu. Alinifundisha mengine mengi baada ya hapo, namna ya kusahihisha madaftari themanini bila kuchoka katikati, namna ya kumfanya mtoto mwoga asome kwa sauti. Aliendelea kunisalimu kwa amani kila asubuhi. Lakini hakuja tena kuketi nyuma ya darasa langu, na sikuwa na uso wa kumwomba.

Rispa alimaliza muhula. Aliandika insha mbili zaidi, zote safi, zote tupu. Aliniandikia kwamba bahari ni ishara ya umbali na mshumaa ni ishara ya matumaini, kama lile jedwali nililolifuta. Muhula uliofuata hakurudi. Walisema ameenda kwa shangazi yake upande wa Chekalini, na baadaye wakasema ameolewa huko. Wasichana waliacha shule kwa njia nyingi miaka ile, na hakuna aliyefungua faili kwa ajili yake. Nami nilithibitishwa kazini.

Sitasimulia shule zilizofuata. Nilifundisha, vitabu vya hadithi vikabadilishwa na vingine, mpiga kengele akaondolewa kwenye orodha, na kiwanda kilichokuwa kikiunguruma usiku na mchana kikaanza kunyamaza wiki nzima nzima. Miwa ikakauka mashambani ikisubiri trekta. Watu wakapanda mahindi tena, wengine kwa aibu kidogo.

Miaka mitatu kabla sijastaafu nilirudi upande wa Mumias, ng'ambo ya mto ule, kumzika mke wa mwalimu mwenzangu, kijana aitwaye Ainea. Baadhi yenu mnamjua. Mkewe aliugua saratani, na kanisa lake, lile lile dogo la ng'ambo ya mto, lilifunga na kuomba juma zima. Alifariki. Pale mazishini nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu kwamba imani ya mume ilikuwa ndogo. Nadhani Ainea naye alisikia, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa kwa namna ambayo si ya msiba peke yake.

Mchungaji akamwita mzee mkongwe kuliko wote amtie moyo mfiwa. Mzee Makokha aliinuliwa na wajukuu wawili. Alikuwa amepungua sana, lile koti likimning'inia mabegani. Watu walitulia, kwa kuwa walijua atakachosema, na kweli alianza pale anapoanza siku zote. Truphena aliugua. Tulifunga. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu aliamka akala obusuma. Mwimbishaji alikwisha vuta pumzi aanzishe wimbo.

Mzee aliinua mkono kumzuia.

"Ngojeni," alisema. "Haijaisha. Siku ya kumi na nne Truphena alikufa, na ugonjwa ni ule ule. Mimi sikuwa nyumbani. Mtoto wetu Rispa ndiye alimshika. Nimewaficha nyinyi ukweli wa hiyo siku, na mtoto aliposema, tulimsimamisha hapa mbele akasema ni uongo." Akamgeukia Ainea. "Kijana, hata mimi niliomba kwa imani yote nilikuwa nayo. Imani yako haikuwa ndogo. Mtu asikwambie hivyo."

Aliketi. Hakuna aliyeimba kwa muda mrefu. Ainea alianza kulia kwa sauti, na nilielewa kwamba hakuwa amelia tangu kifo chenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya watu wapatao mia mbili. Yule mzee ambaye hakusoma sana alikuwa ametoa jibu la swali aliloniuliza mimi katika chumba cha walimu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Chekalini. Haikuwa vigumu kumpata. Nilimkuta Rispa nyuma ya nyumba yake, mbele ya turubai la mahindi, akipukuchua. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko zangu. Alinitambua kabla sijajitaja. Alinisalimu kwa heshima, akaniletea kiti hapo hapo nje, akaendelea na kazi yake. Nilichukua hindi moja nikaanza kupukuchua pamoja naye, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye gari tangu Kakamega, na yalitoka vibaya. Nilimwambia kwamba insha ilikuwa yake na sikuwa na ruhusa ya kuibandika, na kwamba alikuwa amesema kweli nami nikamfanya mwongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba nilijuanga anaogopa nini," alisema. "Wewe, Mwalimu, ulikuwa unaogopa nini?"

Nilimwambia nilikuwa naogopa kupoteza kazi.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Aliniambia kwamba yeye haendi kanisani, ila hawazuii watoto wake kwenda. Aliniambia kwamba mara moja baada ya kuolewa alijaribu kuandika, akaandika mstari mmoja, akajiuliza kama ni wa kweli ama ni wa masomo tu, akaacha. Alisema hayo bila uchungu, akichagua mahindi mabovu kwa kidole, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenifukuza.

Ndipo nikamwambia juu ya mazishi. Nilimwambia haraka, nikiogopa kwamba atanizuia: kwamba baba yake alisimama, alisimulia, na safari hii alifika siku ya kumi na nne. Hindi alilokuwa akipukuchua lilikaa mkononi mwake.

"Alisema nilikuwa nimemshika?"

"Alisema. Alikutaja kwa jina."

Aliliweka hindi kwenye turubai. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta, kwa sababu viganja vyake vilikuwa na vumbi. Nilichukua hindi jingine nikaendelea kupukuchua.

Mwishowe aliniuliza kama nina haraka ya gari. Nikasema sina. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Basi niambie tena," alisema. "Toka mwanzo, polepole. Usiruke siku hata moja."